Conrad Weiser kati ya daftari la nyumbani na jalada la mirathi

Conrad Weiser alifariki tarehe 13 Julai 1760, katika eneo la Womelsdorf, Pennsylvania. Kwa miaka mingi alikuwa mkalimani na mjumbe wa jimbo hilo kwa mataifa ya Iroquois, wenyeji wa Amerika, kisha hakimu katika kaunti mpya ya Berks. Binti yake Anna Maria aliolewa mwaka 1745 na mchungaji wa Kilutheri, Henry Melchior Muhlenberg. Katika ndoa hiyo wakazaliwa Peter, aliyekuja kuwa jenerali katika vita vya uhuru wa Marekani, na Frederick, spika wa kwanza wa Baraza la Wawakilishi mwaka 1789. Mzee mwenye wajukuu wa namna hiyo hakosi wazao, wa damu na wa kujipachika.

Nimemchagua kwa sababu ya aina za karatasi zinazomzunguka. Wajerumani wengi waliohamia makoloni ya Kiingereza huko Amerika hawakuacha neno lao wenyewe. Jina lao liko kwenye orodha ya meli, likiwa limeandikwa na karani Mwingereza kwa kadiri sikio lake lilivyomwambia, halafu linaonekana tena pale mali inapogawanywa. Weiser aliandika habari zake kwa mkono wake, kwa Kijerumani, na wazao wake wakalitunza daftari hilo hadi likatafsiriwa na kuchapishwa. Kwa hiyo tunaweza kufanya jambo ambalo kwa mababu wengi haliwezekani: kuchukua simulizi ya ndani ya nyumba na kuiweka sambamba na karatasi zilizoandikwa na watu ambao hawakujali hata kidogo nasaba ya akina Weiser. Wao walijali mkate uliogawiwa, kodi, deni na nani apate shamba.

Aliyewahi kusimamia mirathi kwetu anaijua tofauti hiyo. Muhtasari wa kikao cha ukoo unaopelekwa Mahakama ya Mwanzo hutaja waliopo na wenye haki. Mtoto aliyefariki akiwa mchanga miaka thelathini kabla hana nafasi humo, ingawa bibi akikaa kusimulia atamtaja kwa jina na kwa msimu aliozaliwa. Karatasi zote mbili ni za kweli, ila zimeulizwa maswali tofauti.

Daftari la Weiser linaanza na kuzaliwa kwake: tarehe 2 Novemba 1696, katika nchi ya Württemberg, wilaya ya Herrenberg, kijiji ambacho nakala za baadaye zimekiandika Astaet, na kubatizwa Kuppingen iliyo jirani. Anaongeza maneno ambayo mtafiti mzuri angepaswa kuyapigia mstari: habari hiyo aliambiwa na baba yake. Kisha anapanda juu. Baba ni Johann Conrad Weiser, mama ni Anna Magdalena wa ukoo wa Uebele, babu ni Jacob Weiser, na baba wa babu naye ni Jacob, mkuu wa kijiji cha Großaspach, wilaya ya Backnang. Huko Großaspach, anasema, ndiko walikozaliwa na kuzikwa wazee wake wa pande zote mbili tangu zamani zisizokumbukwa.

Hapo pana mtego wa kwanza, na ni mtego wa kawaida kabisa. Hakuna kijiji cha Astaet. Katika mwandiko wa Kijerumani wa wakati ule herufi s ndefu na f zinakaribiana kama pacha, na mnakili akiwa hajawahi kusikia jina la mahali anachagua anayoiona. Kijiji ni Affstätt, ambacho leo ni sehemu ya mji wa Herrenberg, sawa na Kuppingen. Jina lilipotea, lakini jirani aliliokoa: Weiser alitaja wilaya na kanisa la ubatizo, na vitu hivyo viwili vinatosha kukirudisha kijiji mahali pake. Ndiyo maana, unapokuta jina la kijiji lisiloeleweka kwenye karatasi ya ukoo, andika kila jina lililo karibu nalo kabla hujaanza kulirekebisha. Württemberg nayo inatokea katika karatasi za Amerika kama Wirtenberg na hata Wittenberg, na huko Ujerumani Wittenberg ni mji mwingine kabisa, ule wa Luther, mbali sana kaskazini mashariki.

Mtego wa pili unafuata papo hapo. Kama wazee wote walizikwa Großaspach, kwa nini mtoto azaliwe Affstätt, zaidi ya kilomita 50 kutoka huko? Mtu mwenye haraka angesema hizi ni familia mbili zenye majina yanayofanana. Jibu liko katika kazi ya baba: alikuwa koplo katika kikosi cha askari wa farasi wa Württemberg, na askari huzaa watoto kule kikosi kinakolazwa. Miaka ile ya 1690 ilikuwa ya vita na Ufaransa. Mji wa Backnang wenyewe ulichomwa moto na majeshi ya Wafaransa mwaka 1693. Kwa hiyo anayetafuta ndugu zake Conrad hawezi kufungua kitabu cha kanisa moja tu akaridhika. Kila mtoto wa askari anaweza kuwa na kanisa lake. Vitabu vya makanisa ya Kiprotestanti ya Württemberg vinatunzwa na hifadhi ya kanisa iliyoko Stuttgart, na picha za kurasa zake zinasomeka kupitia tovuti ya Archion, kwa ada.

Sasa tuje kwenye kifo cha mama, kwa sababu ndicho kilichoivunja nyumba ile na ndicho kinachotuingiza kwenye mirathi. Anna Magdalena alifariki Mei 1709, akiwa katika mwaka wa 43 wa umri wake na mimba ya mtoto wa 16. Weiser anataja watoto 9 waliobaki: Catrina, Margareta, Magdalena, Sabina, yeye Conrad, George Frederick, Christopher, Barbara na John Frederick. Tarehe 24 Juni mwaka huohuo baba akaondoka Großaspach na watoto 8. Catrina, mkubwa wao, alibaki kwa sababu tayari alikuwa na mume na watoto wawili.

Halafu linakuja sharti la mali, nalo ni kifungu ninachokipenda kuliko vyote katika daftari zima. Baba alimuuzia Catrina na mumewe nyumba, mashamba, malisho, shamba la mizabibu na bustani. Wao waliweza kulipa gulden 75 tu, fedha ya Ujerumani ya wakati ule. Gulden 600 zilizobaki zilikuwa zilipwe baadaye; hazikulipwa kamwe, na hivyo, anasema Weiser, wakawa wamepewa kama zawadi.

Msomaji wa kawaida ataona hapa mkwe mwenye deni sugu. Mimi naona mgawo wa mirathi. Katika Württemberg sheria ya nchi, tangu katikati ya karne ya 16, iliwataka watu waandikiwe orodha ya mali mara mbili katika maisha: walipooana, kila mmoja akionesha alichokuja nacho, na mmoja wao alipofariki. Mali iligawanywa kwa watoto wote sawa, wa kiume na wa kike. Karatasi hizo zinaitwa Inventuren und Teilungen, na katika vijiji vingi zimejaza rafu nzima, kuanzia ng'ombe na mapipa hadi shuka na vijiko. Mke akifariki, watoto walikuwa na haki katika fungu la mama yao hata kama baba alikuwa hai na angali anaitumia mali. Maana yake ni kwamba mwezi ule wa Juni 1709 Johann Conrad hakuwa anauza mali yake peke yake. Alikuwa anauza mali yenye haki za watoto 9 ndani yake, na mnunuzi alikuwa mmoja wa hao 9.

Ukiisoma hivyo, zile gulden 600 zinabadilika sura. Wanane waliondoka na baba pamoja na fedha taslimu. Mmoja alibaki na ardhi. Deni lililogeuka zawadi ndilo fungu la Catrina, na zaidi ya fungu lake. Haya ni maoni yangu, na daftari halisemi hivyo. Lakini yanatuonesha pa kutafuta: kwenye vitabu vya mauzo na vya mahakama ya kijiji cha Großaspach, na kwenye mgawo wa mali ya Catrina na mumewe walipofariki wenyewe, kwa sababu makarani wa Württemberg walikuwa na tabia ya kutaja ndugu walioko ng'ambo na kuwawekea mlezi wa fungu lao. Watu wengi wanaomtafuta babu aliyehama wanamwandama yeye tu, bandari hadi bandari. Dada aliyebaki kijijini ndiye aliyeacha karatasi nyingi zaidi.

Kuna jambo jingine ndani ya hizo gulden 75. Baba mwenye watoto 8 na fedha hizo hakuwa anakwenda kununua shamba popote. Familia ilifika London baada ya miezi kama miwili na ikaangukia kwenye mkate wa Malkia Anne, pamoja na maelfu ya Wajerumani wengine. Waingereza waliwaita wote Wapalatine, hata hawa wa Württemberg ambao hawakuwa raia wa Palatinate, jimbo jingine la Ujerumani. Neno hilo limewapeleka watafiti wengi kutafuta vijiji katika jimbo lisilo lao.

Ukitaka kumwona Weiser kwenye orodha za London, hutamwona, na kutoonekana kwake ni ushahidi. Makarani waliandika majina ya Wajerumani waliofika kati ya Mei na katikati ya Juni 1709, watu wapatao 6,500, kisha wimbi likawazidi. Mtu aliyetoka Großaspach tarehe 24 Juni akachukua miezi miwili njiani hawezi kuwemo. Hawezi kuwemo pia katika orodha mashuhuri za Philadelphia, zile za viapo vya wanaume wa Kijerumani zilizoanza Septemba 1727, kwa sababu Weiser aliingia Pennsylvania mwaka 1729 akitokea New York. Nimewaona wazao wa Wajerumani wa Tulpehocken, bonde la Pennsylvania alikohamia Weiser, wakihangaika na orodha hizo za Philadelphia mpaka wanachukua jina lolote linalofanana na kulifanya babu yao. Bonde la Tulpehocken lilianza kukaliwa na Wajerumani waliotoka Schoharie, New York, mwaka 1723. Kwa hawa, meli yao ilitia nanga bandari nyingine, miaka 17 kabla orodha hizo hazijaanza.

Tuijaribu sasa kumbukumbu ya mzee. Anasema walitia nanga New York tarehe 13 Juni 1710. Hiyo inalingana na kumbukumbu za serikali: meli Lyon, ya kwanza ya kundi lile, ilifika siku hiyo. Anasema meli zilikuwa 10 na watu kama 4,000. Hesabu za serikali zinaelekea 3,000, na mamia kati yao walifia njiani. Anasema kazi waliyopangiwa na serikali ya kuchemsha lami ya misonobari kwa ajili ya majahazi ya Malkia ilipokufa, watu waliachiwa huru mwaka 1713. Gavana Robert Hunter alikata chakula Septemba 1712. Kwa hiyo Weiser amesogea mwaka mmoja, na kosa hilo linavuta jingine: ile safari yake ya kwenda kukaa na Wamohawk, mojawapo ya mataifa ya Iroquois, kujifunza lugha yao, ambayo anaiweka mwishoni mwa Novemba 1713, wanahistoria wanaiweka kwenye baridi ya 1712 kuingia 1713.

Hakuna aibu hapo. Alikuwa kijana mdogo mambo yalipotokea, na aliandika akiwa mtu mzima. Lakini jaribio hilo linatupa kipimo: tarehe za siku, hasa za kuzaliwa na za ndoa, anazishika vizuri, miaka ya matukio ya umma inaweza kuteleza kwa mwaka, idadi ya watu ni ya kusikia. Nikikutana na tarehe nyingine katika daftari lake ninajua kiasi cha kuiamini. Pia kalenda isisahaulike: Württemberg ya Kiprotestanti ilihamia kalenda mpya mwaka 1700, makoloni ya Kiingereza mwaka 1752. Siku zisizopungua kumi zinaweza kutofautiana kati ya karatasi mbili ambazo zote ni sahihi.

Jina moja la watu wawili ni tatizo la New York zaidi kuliko la Ujerumani. Johann Conrad Weiser anayetajwa kama kiongozi katika makambi ya kando ya mto Hudson, na anayekwenda London mwaka 1718 kuwatetea wenzake kuhusu ardhi ya Schoharie, ni baba. Mtoto alifika New York akiwa na miaka 13. Daftari la Hunter la mgawo wa chakula halitaji watoto. Linataja mkuu wa nyumba na kuhesabu walio juu ya miaka 10 na walio chini. Conrad wetu yumo, ila yumo kama tarakimu. Akisoma mtu kwamba "Weiser" alifungwa London kwa ajili ya deni, basi ni baba. Mwana wakati huo alikuwa Schoharie akioa.

Na ndugu zake? Baba alioa tena mwaka 1711, na Weiser hamung'unyi maneno: ndoa hiyo haikuwa ya furaha, na ndiyo iliyowatawanya. George Frederick na Christopher gavana aliwapeleka Long Island wakafunzwe kazi chini ya mabwana wengine. Baba alikuwa mgonjwa na aliridhia. John Frederick alifariki akiwa na miaka kama 6. Orodha ya watoto wa Kijerumani waliowekwa chini ya mabwana na Gavana Hunter kati ya 1710 na 1714 ipo na imechapishwa, na ndiyo ya kufunguliwa kabla ya kitabu chochote cha kanisa, kwa kuwa mtoto aliyelelewa kwenye nyumba ya Mwingereza wa Long Island hakwenda kusali Kilutheri. Wazao wa namna hii huonekana baadaye kama Waingereza watupu.

Mke wa Weiser ndiye aliyezua ngano. Daftari linasema alimwoa "Anna Eve wangu" tarehe 22 Novemba 1720, katika nyumba ya baba yake Schoharie, na aliyewafungisha ndoa ni mchungaji John Frederick Haeger. Jina la ukoo wake halitajwi. Katika shimo hilo dogo karne ya 19 ilipanda hadithi nzima: kwamba Anna Eve alikuwa Mmohawk, ndiyo maana mumewe akaijua lugha na kupendwa na watu wale. Hadithi tamu, na wazao wengi bado wanaishikilia.

Aliyeikata ni mkwe. Muhlenberg alikuwa na desturi ya kuwaandikia wakubwa wake huko Halle, Ujerumani, na katika maelezo yake kuhusu baba mkwe anasema alioa Mkristo wa Kijerumani mwenye wazazi wa Kiprotestanti. Huyu ni mtu aliyemwoa binti wa Anna Eve, aliyekula mezani kwake, na aliyeandika wakati mama mkwe yu hai. Shahidi wa namna hiyo anazidi uzito wa mwandishi wa miaka mia moja baadaye anayesikia kwa majirani. Isitoshe, Weiser mwenyewe anaeleza namna alivyojifunza Kimohawk: kwa baridi na njaa katika nyumba ya Quaynant, mzee wa Kimohawk aliyemchukua akiwa kijana. Lugha haikuhitaji mke ili ielezeke.

Henry Z. Jones, aliyetumia miaka mingi kuzifuatilia familia za Wapalatine wa New York hadi kwenye vitabu vya makanisa ya Ujerumani na kuchapisha matokeo mwaka 1985, anamweka Anna Eve katika nyumba ya Johann Peter Feg. Familia hiyo nayo ilitoka New York ikahamia Tulpehocken. Jina lake linageuka Feck, Feek na mengine kulingana na karani. Kwa mwanamke asiyetajwa ukoo, njia ndiyo hiyo: kuwatazama waliohama naye, waliopakana naye shamba, na waliosimama kwenye ubatizo wa watoto wake. Wajerumani wa Pennsylvania hawakumchagua mgeni kumsimamia mtoto kwenye ubatizo. Mara nyingi jina la mtoto ndilo jina la msimamizi, na msimamizi ni mjomba au shangazi.

Sasa mirathi ya Pennsylvania. Kwanza ijulikane ofisi, kwa sababu hapa ndipo wengi hukwama. Weiser alipoingia Tulpehocken mwaka 1729 kaunti ya Lancaster ndiyo kwanza ilikuwa imekatwa kutoka Chester. Mwaka 1752 ikakatwa Berks kutoka Lancaster, Philadelphia na Chester. Mtu angeweza kukaa nyumba ileile miaka 30 na karatasi zake zikawa katika miji mikuu miwili. Aliyefariki Tulpehocken mwaka 1748 anatafutwa Lancaster. Aliyefariki 1760, kama Weiser, anatafutwa Reading, mji mkuu wa Berks, ambao Weiser mwenyewe alishiriki kuuanzisha.

Aliyeacha wosia aliwataja watekelezaji wake. Asiyeacha, mahakama iliteua wasimamizi nao wakaweka dhamana. Kwa hali zote mbili majirani wawili au zaidi walizunguka nyumba wakiandika mali na thamani yake, kisha ukafuata mnada na hesabu ya mwisho. Mimi huanza na karatasi ya dhamana kabla ya wosia. Wosia hutaja mke na watoto kwa maneno ya heshima; dhamana hutaja nani alikubali kuweka fedha yake hatarini, na huyo kwa kawaida ni shemeji au mkwe. Kama kuna watoto wadogo, mahakama ya mayatima ilimteulia aliye chini ya miaka 14 mlezi, na aliyefika 14 alijichagulia mwenyewe. Mstari mmoja unaosema kijana "amechagua" mlezi unakupa umri wake wa chini kabisa, bila cheti chochote cha kuzaliwa.

Sheria ya jimbo nayo inasaidia kusoma hesabu. Pennsylvania, tofauti na New York, haikumpa mwana mkubwa wa kiume ardhi yote pale ambapo hakuna wosia. Ilimpa mafungu mawili, wengine fungu mojamoja, na mjane theluthi. Hali hiyo iliendelea hadi 1794. Ukikuta mali isiyo na wosia imegawanywa sehemu tisa kwa watoto wanane, usimtafute mtoto wa tisa. Kuna watu wamemzalisha mtoto kutoka kwenye hesabu hiyo na mpaka leo yumo kwenye miti ya ukoo mtandaoni, hana siku ya kuzaliwa wala kaburi.

Kwa Weiser tofauti kati ya daftari na mirathi ni kubwa. Yeye na Anna Eve walizaa watoto 14. Waliobaki wakati wa kifo chake walikuwa 7: Philip, Frederick, Peter, Samuel na Benjamin, pamoja na mabinti Anna Maria na Margaret. Anayeanza na mirathi peke yake atachora nyumba ya watoto 7 na kushangaa mapengo marefu kati ya kuzaliwa kwao. Anayeanza na daftari peke yake atamkuta Benjamin mara mbili, maana mtoto wa kwanza wa jina hilo alifariki na jina likapewa mdogo wake, kama Wajerumani wengi walivyofanya. Tarehe ya Benjamin wa kwanza ikibandikwa kwa Benjamin aliyerithi, inamzeesha mrithi kwa miaka kadhaa, na ndoa yake na watoto wake wote wanaanza kuonekana kuwa na kasoro. Karatasi mbili zikiwekwa pamoja, kosa linajirekebisha bila ubishi.

Vitabu vya kanisa vingepaswa kuziba pengo hilo, lakini kwa nyumba hii vinayumba. Weiser alikuwa Mlutheri, alifungishwa ndoa na mchungaji wa asili ya Kireformed, tawi jingine la Uprotestanti, na mwaka 1735 alijiunga na jumuiya ya kidini ya Ephrata, ambako walibatiza watu wazima, kabla ya kurudi baadaye upande wa Walutheri. Mtoto aliyezaliwa katikati ya miaka hiyo anaweza asiwe na ubatizo kwenye kitabu chochote. Kwa jirani zake wa Tulpehocken kuna daftari binafsi la mchungaji Johann Caspar Stoever, aliyekuwa akizunguka na farasi akibatiza na kuozesha katika makazi yasiyo na mchungaji, na kwa nasaba za bonde lile mara nyingi ndilo kitabu cha kwanza.

Mwenye kudai uzao kupitia Anna Maria ana kazi nyepesi, kwa sababu akina Muhlenberg waliandika kila kitu. Kupitia Philip ni vingine. Kifungua mimba huyo, aliyezaliwa Septemba 1722, alifariki mwaka 1761, miezi michache tu baada ya baba yake. Mali ya mzee ilikuwa haijapoa mikononi mwa warithi. Fungu lake likawa limeingia kwenye mirathi ya pili kabla ya kwanza kutulia, kwa hiyo mzao wake anaagiza Reading majalada mawili, la 1760 na la 1761, pamoja na kumbukumbu za mahakama ya mayatima za miaka iliyofuata, na kuyasoma kwa zamu akianzia na la mtoto.